Pazia la Mita Kumi na Nne

Nililishona mimi. Hilo litangulie,
maana kwenye bango hawakuniandika.
Vipande kumi na viwili vya turubai jeupe
kutoka duka la Sanga, uzi wa nailoni,
wiki tatu juu ya cherehani ya miguu
na mvua ya Tukuyu ikigonga bati
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Ambakisye alikuja kila jioni na futi yake.
"Pana, Tupokigwe. Liwe pana
hata aliyekaa katikati
ageuze shingo kuona farasi anatokea wapi."

Ghala lilikuwa la kahawa;
jua likiwaka bado linanuka maganda.
Akapaka kuta rangi nyeusi, akapanga mabenchi,
na habari ikashuka na malori ya ndizi,
ikafika Dar kabla ndizi hazijaiva.

Mwezi wa kumi na moja wakaja wawili.
Bwana Mtengeti wa Nyota Saba,
viatu vyeupe kwenye tope letu,
nyuma ya gari lake jenereta.
Bi Zamoyoni wa Mwambao Filamu
aliapa hashuki garini mpaka mvua ikatike.
Tukuyu!
Alilala humo humo.
Yeye alileta viti mia mbili vya plastiki, vyekundu.

Wote walitaka Krismasi.
Wote walitaka wiki mbili nzima,
mwenzake asibandike hata karatasi mlangoni.
Nilikuwa upande wa pili wa mbao, napinda pindo,
nikisikia asilimia zikipanda kama bei ya mafuta ya taa:
hamsini, sitini,
sitini na pazia jipya mwakani.
Ambakisye alikonda kwa kubembelezwa.
Nikamuuliza, "Hizo filamu umeziona?"
"Hakuna aliyenionyesha filamu," akasema.
"Wananionyesha kalenda."

Jenereta ilishinda; umeme wetu mnaujua.
Viti vikapakiwa, vinne vikasahaulika.
Kimoja ninacho, ndicho ninachokalia nikishona.

Mkesha ukafika. Watu wa Katumba, wa Masoko, wa Ikuti,
miavuli imeegemezwa ukutani ikichuruzika.
Taa zikazimwa. Mashine ikawaka.
Picha ikatokea katikati,
ndefu, nyembamba,
kama mlango wa choo ulioachwa wazi usiku.
Ilipigwa kwa ajili ya simu.
Kila mtu ndani yake amesimama,
hakuna nafasi ya wawili kukaa.
Kushoto mita tano tupu. Kulia mita tano tupu.
Vipande vyangu vinane havikuguswa na kitu.

Na kule Kiwira, usiku ule ule,
Zamoyoni amekodi banda la Lusajo,
televisheni ya inchi ishirini na nne.
Yake ndiyo iliyokuwa pana:
garimoshi likikata uwanda,
wanawake arobaini wakipalilia mstari mmoja.
Weusi juu, weusi chini,
na katikati ukanda wa gauni,
wanawake wadogo kama punje za ulezi.
Mdogo wangu Syabumi alikuwepo.
Anasema watu walisogea, wakasogea,
mpaka pumzi zao zikaweka ukungu kwenye kioo.
Anasema kuna mmoja alilia kwenye ile filamu,
hajui yupi.

Kwetu mvua ilirudi, sauti ikafa chini ya bati.
Midomo ikachezacheza mlangoni mle, bila neno.
Hapo mtoto mmoja, wa yule muuza chapati,
akachukua tochi ya baba yake, akapanda benchi,
akaelekeza mwanga kushoto,
akakunja vidole.
Ng'ombe.
Mwingine akaongeza ndama.
Kisha mikono mingi, pembe nyingi,
kundi zima likiingia kutoka ukingoni kabisa,
likipita juu ya mishono yangu moja baada ya nyingine.

Mtengeti akafoka tochi izimwe, inaharibu picha.
Sikumtazama. Nilimtazama Ambakisye,
amesimama katikati, karibu na mashine,
shingo yake ikigeuka
polepole
kushoto.